Umepunguza Tumbo, Umerudi Dodoma: Matatizo Yanayoweza Kujitokeza na Namna ya Kuyakabili

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ianze kuwawekea watu puto na kuwafanyia upasuaji wa kupunguza uzito, habari hizo hazikauki mitandaoni, na huku Dodoma zimeshafika saluni, vijiweni na kwenye korido za ofisi za serikali kule Mtumba. Kila mtu ana lake. Huyu anasema fulani amekatwa utumbo na sasa hali kitu. Yule anasema ni puto tu, likitolewa unarudi ulivyokuwa. Mwingine anaapa kwamba binamu yake alinyonywa mafuta India na ndiyo hiyo hiyo. Wote wanazungumzia vitu tofauti wakidhani ni kimoja, na mkanganyiko huo una gharama yake. Mtu anarudi nyumbani, mambo yanaharibika, na yeye, ndugu zake, hata mhudumu wa zahanati hawajui waanzie wapi.

Pa kuanzia ni maswali mawili: ulifanyiwa nini hasa, na umepita muda gani? Kutapika siku ya tatu si sawa na kutapika wiki ya tano. Maumivu ya tumbo ya aliyewekewa puto si maumivu ya yule aliyeunganishwa utumbo miaka miwili iliyopita. Ukishakuwa na majibu ya maswali hayo, sehemu kubwa ya fumbo inafunguka.

Tuyatenganishe basi. Puto si upasuaji. Ni mfuko laini wa silikoni unaoshushwa tumboni kupitia mdomoni, kisha unajazwa maji ya chumvi au hewa ili uchukue nafasi na mtu ashibe mapema. Hukaa takriban miezi sita, aina nyingine hadi mwaka mmoja, na baada ya hapo lazima litoke. Upasuaji wenyewe una aina mbili zinazofanyika zaidi duniani. Ya kwanza ni kupunguza mfuko wa tumbo: daktari hukata takriban robo tatu ya mfuko, wakati mwingine zaidi, akaacha bomba jembamba. Kilichokatwa hutolewa nje ya mwili na hakirudishwi. Ya pili ni njia ya mkato: juu kabisa ya tumbo hutengenezwa kifuko kidogo cha takriban mililita 30, kisha utumbo mdogo huvutwa na kuunganishwa hapo, chakula kikawa kinapita bila kugusa sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo. Kunyonya mafuta chini ya ngozi ni jambo jingine kabisa. Hakugusi tumbo la chakula, na hatari zake hazimo katika makala haya.

Huduma hii si ya mtu mwenye kitambi anayetaka suti ya harusi imkae. Kigezo ni BMI, yaani uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa miaka mingi mstari ulikuwa BMI ya 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari au shinikizo la damu. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa fani hii vilishusha mstari, vikasema 35 yatosha hata bila ugonjwa mwingine. Kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.60, BMI ya 35 ni karibu kilo 90. Kwa mtu wa aina hiyo, unene wenyewe nao ni hatari, na ndiyo maana sina ugomvi na wanaoamua kufanyiwa. Katika vituo vyenye uzoefu, vifo vya siku 30 za mwanzo ni takriban mtu mmoja kwa kila elfu moja, kiwango kinachokaribiana na cha upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo. Kwa hiyo wanaosema "huo upasuaji unaua" wanatia chumvi. Lakini wanaosema ukishatoka wodini umemaliza, hao wanapotosha zaidi.

Mwezi wa kwanza hofu kubwa ni kuvuja. Palipokatwa na kushonwa panaweza kuachia, uchafu wa tumbo ukamwagikia ndani. Haitokei kwa wengi, ila ikitokea haisubiri kesho. Dalili yake inaweza kudanganya, kwa sababu tumbo lenyewe huenda lisiume sana. Badala yake moyo unakwenda mbio, zaidi ya mapigo 120 kwa dakika hata ukiwa umelala, homa inapanda, pumzi inakuwa fupi, na wengine husikia maumivu kwenye bega la kushoto. Mtu mwenye dalili hizo ndani ya wiki za mwanzo haandikiwi dawa ya malaria akapumzike. Anakwenda hospitali yenye daktari wa upasuaji usiku huo huo.

Hofu ya pili ni damu kuganda miguuni na bonge kusafiri hadi kwenye mapafu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi ikikata ghafla, hiyo ni dharura. Kwa watu wa kanda ya kati jambo hili lina upande wake wa safari. Wengi hufanyiwa Dar es Salaam, na kurudi huku kwa basi ni kukaa kitako kutwa nzima. Treni ya SGR imepunguza muda, lakini hata humo simama, tembea kwenye behewa. Kabla ya kukata tiketi muulize daktari siku inayofaa kusafiri, na kama umepewa sindano za kuzuia damu kuganda, usizikatishe kwa kuwa umejisikia vizuri.

Halafu kuna maji. Tumbo jipya halipokei glasi nzima kwa mkupuo, na Dodoma ni kavu, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua hazijanyesha. Lengo la kawaida ni lita moja na nusu kwa siku, ila inayonywewa kwa mafunda madogo madogo tangu asubuhi, chupa ikiwa mkononi. Kwa miezi ya mwanzo, wenye kufunga Ramadhani au Kwaresima wazungumze kwanza na daktari. Saa kumi na tatu bila tone la maji kwa mtu asiyeweza kunywa mengi wakati wa futari ni mtego.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwangu, ndilo la kujulikana zaidi kuliko yote, na ambalo halizungumzwi kabisa vijiweni.

Chukua mfano wa mama anayeishi Nkuhungu, aliyepunguzwa mfuko wa tumbo wiki tano zilizopita. Kwa wiki tatu kila anachomeza kinarudi. Wenzake kwenye kundi la WhatsApp wamemwambia ni kawaida, avumilie. Siku anapozidiwa, mumewe anampeleka zahanati ya jirani. Mhudumu anamkuta amekauka midomo, amelegea, hana nguvu hata ya kukaa. Anafanya ambacho angemfanyia mgonjwa yeyote wa namna hiyo: anamtundikia dripu ya sukari apate nguvu. Jioni ile ile mama anaanza kuona watu wawili wawili. Akisimama anapepesuka. Akiulizwa ni siku gani, anajibu vitu visivyoeleweka. Mumewe anasema malaria imepanda kichwani.

Si malaria. Ni ukosefu wa vitamini B1, ambayo pia huitwa thiamini. Mwili hauna ghala kubwa la vitamini hii. Akiba iliyopo hutosha wiki mbili hadi tatu tu, na mtu anayetapika kila siku haongezi kitu. Shida ni kwamba seli haziwezi kutumia sukari bila B1. Ukimwingizia mgonjwa sukari nyingi kwenye mshipa, kiasi kidogo kilichokuwa kimebaki kinatumika chote, na wa kwanza kuathirika ni ubongo. Kuona mbili, macho kuchezacheza, kuyumba na kuchanganyikiwa ndizo alama zake. Akitibiwa mapema kwa sindano za B1, mengi hurudi. Akicheleweshwa, kumbukumbu na mwendo vinaweza kuharibika moja kwa moja.

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine yatakuponyoka. Mtu aliyepunguzwa tumbo ambaye ametapika siku mbili tatu mfululizo anatakiwa kuonwa na daktari, na akihitaji dripu, apewe B1 kabla ya sukari au pamoja nayo. Maji ya chumvi yanaweza kuanza bila wasiwasi huo. Na ikiwa kipimo kinaonyesha sukari ya damu imeshuka kweli, sukari haicheleweshwi, bali B1 inakwenda sambamba nayo. Mhudumu wa zahanati si wa kulaumiwa kwa kutojua historia ambayo hakuambiwa. Lakini ndugu anayempeleka mgonjwa anaweza kuisema sentensi moja mlangoni: "Huyu amefanyiwa upasuaji wa tumbo na ametapika wiki tatu, tunaomba apewe B1 kabla ya dripu ya sukari."

Kwa nini alikuwa anatapika? Mara nyingi ni kula haraka, kutafuna vibaya au kurukia vyakula vigumu kabla ya wakati. Baada ya upasuaji mtu huanza na vimiminika, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha laini, na huchukua wiki kadhaa, mara nyingi mwezi au zaidi, kufika kwenye chakula cha kawaida. Nyama choma ya mbuzi iliyokauka inaweza kukwama hata mwaka mmoja baadaye. Mlenda, kwa upande wake, unapita vizuri, na ukipikwa na karanga zilizotwangwa una lishe ya maana. Wagogo hawakuupika kwa ajili ya wagonjwa hawa, lakini umewafaa. Ila kama mtu anatafuna vizuri, anakula kidogo na bado hata uji unarudi, basi huenda njia imebana. Hilo linahitaji kupimwa tumbo kwa kamera, na mara nyingi daktari hupanua hapo hapo bila kisu. Kuvumilia hakupanui kitu.

Kwa aliyefanyiwa njia ya mkato, tatizo jingine linamkuta mezani. Amekunywa nusu chupa ya soda au juisi ya ubuyu iliyokolea sukari, na kabla ya nusu saa kupita jasho linamtoka, moyo unadunda, tumbo linasokota, anaharisha, anataka kulala chini. Watu humwambia amelogwa au ana presha. Kinachotokea ni hiki: zamani tumbo lilikuwa linaachia chakula kidogo kidogo. Sasa kitu kitamu kinashuka kwenye utumbo kwa mpigo mmoja, kinavuta maji kutoka kwenye damu, na mwili unashtuka. Haiui, ila inatisha. Dawa yake kubwa iko jikoni. Vitamu vya kunywa viondoke. Vyakula vya kujenga mwili kama mayai, samaki, kunde na maharage vitangulie kwenye sahani, wanga ufuate kama nafasi imebaki. Na usinywe maji wakati wa kula. Subiri kama nusu saa.

Tatizo hili lina ndugu yake anayechelewa kujitokeza. Saa moja hadi tatu baada ya kula, mtu anatetemeka, anatoka jasho, akili inazubaa. Hii ni sukari ya damu kushuka: kongosho limemwaga insulini nyingi kujibu ule mlo ulioshuka kwa kasi. Mara nyingi huanza baada ya mwaka wa kwanza, wakati mtu ameshajiona amepona na amerudia sahani ya wali. Kwa dereva au bodaboda hili si jambo la kupuuza. Wakati huo sukari kidogo inasaidia, ifuatiwe na chakula kama yai au karanga ili isishuke tena. Ikijirudia, apimwe. Na kama alikuwa mgonjwa wa kisukari anayeendelea kumeza glibenklamidi au kujidunga insulini kwa dozi ile ile ya zamani, huenda tatizo si upasuaji bali ni dawa. Kisukari na presha hushuka upesi baada ya upasuaji huu, kwa wengine ndani ya wiki chache, hivyo dozi zinahitaji kukaguliwa mapema na mara kwa mara. Vivyo hivyo wanaotumia dawa nyingine za kila siku wamwambie daktari wao, kwa sababu vidonge vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole huenda visinyonywe ipasavyo kwenye njia fupi.

Na pombe? Mji huu una mashamba ya zabibu na mvinyo wake, hivyo swali halikwepeki. Baada ya upasuaji pombe huingia kwenye damu haraka na kupanda juu zaidi kuliko zamani. Glasi moja inaweza kufanya kazi ya mbili tatu. Hatari ya kugeuka mlevi nayo huongezeka, hasa kuanzia mwaka wa pili, na inawakumba hata watu ambao hapo awali hawakuwa wanywaji wakubwa. Hili madaktari hulisema kwa upole mno. Ningependa walipigie kelele.

Maumivu ya tumbo ya miezi na miaka ya baadaye yana sura tatu. Ya kwanza ni mawe ya nyongo. Kupungua uzito kwa kasi huyatengeneza, na tafiti za nje zimeyaona kwa karibu theluthi moja ya waliofanyiwa, ingawa wengi wao hayawasumbui. Maumivu huwa juu kulia, chini ya mbavu, hasa baada ya kula mafuta. Ultrasaundi huyaonyesha, na zipo dawa ambazo baadhi ya madaktari huandika kwa miezi sita ya mwanzo kuyazuia.

Ya pili ni kidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo. Adui zake wakubwa ni sigara na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Hapa pana kazi, maana diklofenaki imekuwa rafiki wa kila mwenye mgongo. Unaingia duka la dawa, unasema goti linauma, unapewa bila swali. Mtu aliyefanyiwa njia ya mkato anatakiwa aikatae maisha yake yote, pamoja na zile sindano za maumivu za haraka haraka, isipokuwa daktari anayejua historia yake ameona hakuna njia nyingine. Parasetamoli inamtosha kwa mengi. Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukitapika damu, hilo si la duka la dawa.

Ya tatu ndiyo inayoponyoka watu. Ndani ya tumbo, baada ya utumbo kupangwa upya na mafuta kupungua, hubaki nafasi ambamo kipande cha utumbo kinaweza kujipenyeza na kujinyonga. Maumivu yanakuja na kuondoka, mara nyingi baada ya kula, yakizidi mtu hujikunja. Akipimwa wakati yameondoka, haonekani na kitu. Na katika nchi yetu tumbo linalouma bila sababu huishia kupewa jina la UTI au taifodi, mtu akanywa antibiotiki mara tatu kwa mwezi. Mwenye njia ya mkato ambaye tumbo linamsokota na kuachia anapaswa kufikishwa kwa daktari wa upasuaji na kupigwa picha ya CT, hata kama vipimo vya kawaida ni vizuri. Mjamzito ndiye wa kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu mimba inayokua husukuma utumbo. Kwa wakazi wa kanda ya kati, aliye Kondoa, Mpwapwa au Manyoni asikae nalo wiki. Aombe rufaa ya kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma.

Mwenye puto naye ana lake. Siku za mwanzo kichefuchefu na kutapika ni vya kutarajiwa. Mengi ya maputo ya maji hutiwa rangi ya bluu, hivyo mkojo ukigeuka kijani au bluu maana yake puto limevuja. Hufi papo hapo, ila unakwenda hospitali siku hiyo hiyo kabla halijashuka na kuziba utumbo. Na tarehe ya kulitoa ikifika, litolewe, hata kama unajisikia freshi.

Twende kwenye upungufu wa virutubisho, ambao hauna kelele na ndiyo maana unakuta watu wamelala. Ili uelewe njia ya mkato inafanya nini, fikiria treni ya SGR isiyosimama vituo vya njiani. Abiria waliokuwa wakisubiri Kilosa na Gulwe wanaiona ikipita tu. Madini ya chuma na kalsiamu hupenda kupandia kituo cha mwanzo cha utumbo mdogo, hapo hapo ambapo treni imeacha kusimama. Vitamini B12 nayo inahitaji kitu kinachotengenezwa na ukuta wa tumbo ndipo iruhusiwe kupanda mbele ya safari, na tumbo hilo ama limekatwa ama limerukwa.

B12 ina hila. Ini lina akiba ya kutosha kwa miaka kadhaa, kwa hiyo mtu anamaliza mwaka mzima bila vidonge, anajiona mzima, anahitimisha kuwa vidonge vilikuwa biashara ya hospitali. Baadaye ganzi inaanza kwenye nyayo, ulimi unawaka, kumbukumbu inapungua, damu inashuka. Anaambiwa damu imepungua, ananunuliwa dawa za kuongeza damu zenye foliki asidi, anatengenezewa juisi ya rozela. Juisi ya rozela haina B12, na sukari iliyomo inaweza kumletea yale mashaka ya mezani tuliyoyaona. Foliki asidi ni mbaya zaidi kwa namna yake: inaweza kuipandisha damu kwenye kipimo, kila mtu akafurahi, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Ganzi ya miguu kwa mtu aliyepunguzwa tumbo idhaniwe B12 hadi ithibitishwe vinginevyo. Hutibiwa kwa sindano, au vidonge vya dozi kubwa, kwa maisha yote.

Chuma huwasumbua zaidi wanawake wanaopata hedhi. Vidonge vyake visimezwe pamoja na kalsiamu, viachane walau saa mbili, wala visiteremshwe kwa chai ya rangi, maana chai huvizuia kunyonywa. Kalsiamu yenyewe, ile ya aina ya sitreti hunyonywa vizuri hata tindikali ikiwa kidogo tumboni, tofauti na ile ya kaboneti. Soma kopo kabla hujalipa. Na protini: lengo la wengi ni gramu 60 kwa siku au zaidi, wakati yai moja lina takriban gramu 6. Kwa tumbo dogo kiasi hicho hakifikiwi kwa bahati. Hupangwa, mlo kwa mlo.

Nywele kukatika mwezi wa tatu hadi wa sita ni kawaida. Mwili umepata mshtuko, zitarudi. Zikiendelea kukatika baada ya mwaka, rudi ukapimwe chuma na protini. Ngozi italegea, na kwenye mikunjo itawasha wakati wa joto. Haya yanazungumzika.

Lisilozungumzika ni maneno ya watu. Mwenzetu akipungua kilo thelathini ndani ya miezi michache, mtaani hawasubiri maelezo. "Mmemwona dada fulani? Amekwisha, ameshaanza dozi." Kwenye sherehe shemeji anamsogezea sahani ya pilau na kumsimamia mpaka aimalize. Wengi hujibu kwa kuficha, na kuwaficha majirani ni haki yao kabisa. Tabu ni pale siri inapoingia hadi chumba cha daktari. Mtu anaulizwa kama aliwahi kupasuliwa, anajibu hapana, na kwa kuwa makovu ya siku hizi ni matundu madogo tu, daktari hayaoni. Weka kwenye pochi na kwenye simu karatasi yenye mistari michache: aina ya upasuaji, tarehe, hospitali, namba ya daktari, "asipewe diklofenaki", "B1 kabla ya dripu ya sukari". Mwenza au ndugu mmoja aijue ilipo. Siku ambayo wewe mwenyewe huwezi kuongea, yeye ndiye atakayeongea.

Kwa wanawake kuna la ziada. Uzito ukishuka, hedhi iliyokuwa inaruka hurudi kwenye mstari, na waliokuwa wamekata tamaa ya kupata mtoto hushika mimba bila kutarajia. Ushauri ni kusubiri miezi 12 hadi 18, mpaka uzito utulie. Vidonge vya majira vinaweza visinyonywe vya kutosha baada ya njia ya mkato, hivyo kijiti, sindano au kitanzi ni salama zaidi kwa lengo hilo. Mimba ikiingia, mwambie mhudumu wa kliniki kwenye hudhurio la kwanza. Kipimo cha kisukari cha ujauzito kinachofanywa kwa kunywa maji ya glukosi kinaweza kukuangusha pale pale kwenye benchi. Ipo njia mbadala ya kupima sukari kwa kidole nyumbani kwa siku kadhaa.

Uzito hufika chini kabisa kati ya mwaka mmoja na miwili, halafu kilo chache hurudi kwa karibu kila mtu. Hilo halimaanishi tumbo "limefumuka". Zikirudi nyingi, sababu hutafutwa: vinywaji vitamu, kula kidogo kidogo kutwa nzima, dawa fulani, msongo, au kweli kuna tatizo kwenye maungio linaloonekana kwa kamera. Hapo ndipo wauzaji wa chai za kupunguza mwili hupata wateja, kwa sababu mtu anaona aibu kurudi kwa daktari aliyemfanyia. Nyingi ya chai hizo zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Zinachopunguza ni maji na potasiamu. Anayezinywa katika joto la Novemba, akiwa na tumbo lisilopokea zaidi ya mafunda machache kwa wakati mmoja, anaweza kujikuta wodini moyo ukidunda ovyo, na aliyemuuzia hatakuwepo kuulizwa kulikuwa na nini ndani ya pakiti.